Tangi Lililopimwa kwa Ukuta

Kabati lilimalizika kabla ya tangi, na hapo ndipo mke wa seremala alipotakiwa kushtuka. Hakushtuka. Alisimama mlangoni pa sebule, pini mdomoni na futi ya kushonea shingoni, akawatazama wanaume wakiliingiza kabati lililofunikwa mablanketi kama bibi harusi, akasema, "Zuri."

Na kweli lilikuwa zuri. Mbao nyekundu iliyopigwa msasa mpaka ukiipitishia kiganja unakionea aibu kiganja chako. Milango midogo chini, rafu za vikombe kulia na kushoto, na katikati pengo kubwa lililokwenda juu na kwenda pembeni, likisubiri kioo.

"Hapo ndipo atakapokaa mfalme wako," seremala alisema, akiufuta mlango mmoja kwa kiwiko. "Umenisema weee. Haya, sema tena."

"Sina la kusema."

"Mungu mkubwa! Mama, umesikia? Leo hana la kusema!"

Mama yake seremala, ambaye kochi kubwa la sebuleni lilikuwa kama mali yake binafsi, hakuinua macho kutoka kwenye sufu aliyokuwa akifuma. "Ngojeni samaki aingie kwanza," alisema.

Mfalme mwenyewe alikuwa bunju, samaki yule anayejijaza maji akavimba kama mpira akitishwa. Huyu alikuwa bunju wa maji baridi, tumbo la njano, mgongo umejaa michirizi utadhani mtoto ameuchorachora kwa mkaa, na macho mawili yanayozunguka kila moja kwa wakati wake. Moja likikutazama wewe, jingine linatazama mlango. Kaka wa yule mwanamke, enzi hizo ana duka la samaki wa mapambo, ndiye aliyemleta, akiwa mdogo kama ndimu. "Hakui huyu, dada," aliapa. "Utamweka hata kwenye bakuli." Akakua. Akawa chungwa, akawa balungi, kisha akawa kitu kisichofanana na tunda lolote. Duka likafungwa, kaka akahamia mji mwingine kutafuta kazi, bunju akabaki. Watoto wakamwita Mashavu.

Mashavu alimjua mama mwenye nyumba. Mama akikaa kwenye cherehani, yeye husogea kwenye kona ya kioo iliyo karibu na cherehani. Mama akinyanyuka, humsindikiza mpaka kioo kinapoishia. Alilishwa konokono wa majini pamoja na magamba yao, maana meno ya bunju hayaachi kukua, na yasipopata kitu kigumu cha kusaga humziba mdomo akafa njaa na chakula kipo mbele yake. Konokono akivunjwa, sauti yake ilisikika mpaka jikoni: kwach! Kwa yule mwanamke sauti ile ilikuwa kama mtu anayesema hodi. Wateja wake walioleta nguo walishtuka; yeye alitabasamu, pini zikiwa mdomoni vilevile.

Sasa bunju alikuwa na urefu wa dhiraa nzima, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, na tangi lake la zamani lilimbana kama kiatu cha mwaka juzi. Ndiyo maana mama alikuwa amesema, akasema, akasema, mpaka seremala akakubali.

Ila kulikuwa na jambo moja kuhusu seremala ambalo watu wa mjini hawakulijua, kwa sababu wao walinunua fanicha zake wakaondoka nazo. Mkewe ndiye aliyeishi na mwenye mkono. Mtu yule alipima kila kitu kwa mwili wake mwenyewe. Rafu iende juu kiasi gani? Ananyoosha mkono, anapiga alama ya penseli. Na yeye alikuwa mrefu kama nguzo ya umeme. Tangu watoto wanatambaa, mkewe alichukua sukari kwenye kabati la jikoni kwa kupanda juu ya ndoo nyeupe iliyopinduliwa. Alipolalamika mara ya kwanza alijibiwa, "Mbona mimi nafika?" Hakulalamika mara ya pili. Alitafuta ndoo.

Fundi vioo akaja na vioo vyake vinene, mtu mfupi ambaye vidole vyake havikukosa plasta. Akaunganisha, akapaka gundi, akasubiri ikauke. Maji yakajazwa, yale yaliyokuwa yametulia kwenye mapipa uani mpaka dawa ya maji ya bomba ikatoka, pampu ya kuchuja ikaanza kunguruma, na siku ilipofika mama akamhamisha Mashavu ndani ya beseni lenye maji. Hakumtoa majini hata kidogo. Bunju akitishwa nje ya maji hujijaza hewa, na hewa huwa ngumu kutoka. Alipanda juu ya stuli, akalizamisha beseni taratibu, na bunju akatoka mwenyewe kama mgeni anayeshuka kwenye gari.

Watoto walipiga makofi. Seremala alikunja mikono kifuani.

Mashavu akaenda kulia. Tangi lilikuwa refu, alikwenda vizuri, mkia ukipepea. Akafika mwisho. Akataka kugeuka. Pua ikagonga kioo cha mbele. Mkia ukagonga cha nyuma. Akajaribu upande wa pili. Pua kioo, mkia kioo. Akakaa kidogo, macho yakizunguka, moja huku moja kule. Kisha akaanza kurudi kinyumenyume, polepole, urefu wote wa tangi, mpaka mkia ulipogonga mwisho wa kushoto.

Makofi yakaisha.

"Mbona samaki wenu anarudi kinyumenyume," bibi wa watoto akauliza kwenye kochi, "kama lori lililokosea uchochoro?"

"Anaikagua nyumba," seremala akasema.

Mkewe alivua futi shingoni. Akapima kioo kutoka mbele kwenda nyuma, akapima tena kana kwamba futi ndiyo iliyokosea. Upana wa tangi haukufika hata urefu wa samaki.

"Baba watoto. Ulipima nini?"

"Nilipima ukuta. Kabati likitokeza zaidi ya hapo, mlango wa chumbani unaligonga."

"Na samaki ulimpima saa ngapi?"

"Samaki ana nafasi chungu nzima! Tazama kutoka huku mpaka kule! Na kwenda juu, je? Linanifika kidevuni!"

"Samaki hapandi ngazi."

"Atazoea."

Alisema hivyo na kwenda kunawa mikono. Atazoea. Mkewe alibaki pale, futi imemning'inia mkononi. Angekuwa fundi nguo mtu huyu, aliwaza, angewashonea watu suti kwa kupima kabati la nguo. Yeye mwenyewe hakuwahi kumkatia mtoto wa mtu sare bila kumsimamisha, kumzungusha, kumwambia ainue mikono, kisha akaacha upindo wa kushusha atakaporefuka. Na hao ni watoto wa watu wengine, wanaokuja na kuondoka.

Alimpigia simu kaka yake.

"Dada! Mashavu hajambo?"

"Mashavu anaendeshwa rivasi. Niambie tangi la mnyama huyu linatakiwa liweje, na uniambie kwa ufupi kabla sijaanza kukutukana."

Kaka akacheka, kisha akaacha kucheka, maana alimjua. "Sikiliza. Kwenda juu si hoja kabisa. Bunju mkubwa anataka sakafu. Kwanza tazama upana, usitazame urefu. Upana uwe mara mbili ya urefu wake, ageuke bila kugusa popote. Urefu uwe zaidi ya hapo, mara nne, mara tano. Na maji yawe mengi, maana anakula kama fisi na anachafua kama unavyojua fisi anavyochafua. Na yeye bado hajamaliza kukua."

"Maneno yote haya unayo. Siku ile unaniletea ndani ya mfuko wa plastiki yalikuwa wapi?"

"Hata mimi nilidanganywa, dada. Aliyeniuzia aliniambia—"

"Kwa hiyo mimi nimedanganywa na mtu aliyedanganywa. Asante sana." Akakata simu.

Siku zilizofuata Mashavu aliacha kula. Konokono walitembea juu ya kioo mbele ya pua yake, wakapanda, wakashuka, wakazaana, kana kwamba ndio wenye nyumba. Tumbo la njano likaanza kuwa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Ncha ya mkia ikachanika, na midomo ikachubuka kwa kugonga kioo. Mama akikaa kwenye cherehani Mashavu hasogei tena. Angesogeaje? Akielekea kulia, amekwisha elekea kulia. Kurudi ni safari ya kinyumenyume.

Seremala alirudi jioni moja na rafiki yake, fundi vanishi wa karakana, mtu mwenye kicheko kikubwa. Wakasimama mbele ya kabati.

"Huyu ndiye anayevimba?" fundi vanishi akauliza.

"Subiri uone." Seremala akachomoa rula ya mbao mfuko wa nyuma, akagonga kioo. Ko, ko, ko. "Vimba basi, mzee! Tuna mgeni!"

Bunju akarudi nyuma, mkia ukagonga. Seremala akahamia upande ule, akagonga tena. Na Mashavu, ambaye hakuwa na pa kukimbilia wala pa kugeukia, akaanza kujijaza, akavimba, akavimba, mpaka kioo cha mbele na cha nyuma vikamgusa pande zote mbili, akawa amekwama katikati kama kizibo, miiba midogo imemsimama.

"Loo! Tazama alivyonuna!" Fundi vanishi alikuwa anashika mbavu. "Kama mkeo!"

Mke alikuwa nyuma yao. Aliichukua ile rula mkononi mwa mumewe, akaiweka juu ya goti, ikakatika kwa sauti moja kavu, akamrudishia vipande viwili.

"Shemeji, utani tu," fundi vanishi akasema, kicheko kimemkauka.

"Nenda katanie nyumbani kwako, shemeji. Huko nako kuna mtu amenuna."

Mgeni alipokwisha kuondoka, seremala alikaa kwenye mkono wa kochi, vipande vya rula mapajani. "Umeniaibisha."

"Bado."

"Sikiliza, mama watoto. Jumamosi Mama Hoteli anakuja hapa. Yule wa hoteli mpya. Anataka kabati la mapokezi, nikamwambia njoo nyumbani uone kazi yangu. Akiona kabati, akiona tangi linawaka taa, samaki ndani, nikiipata kazi hii mji mzima utanijua. Jumamosi tu. Baada ya hapo tutatazama habari ya upana wako."

"Si upana wangu. Na yeye hafiki Jumamosi."

"Atafika. Samaki ana roho ngumu."

"Umejuaje? Umempima?"

Bibi alivuta sufu yake. "Mwanangu," alimwambia mwanawe, "ulipokuwa mdogo nilikuvalisha viatu vya kaka yako vilivyokubana. Ulilia barabara nzima. Nikakwambia utazoea." Akageuza sindano. "Vidole vyako vimepinda mpaka leo."

"Mama, naye!"

"Nimesema kitu? Nafuma."

Alhamisi, mteja alileta kipande cha kitambaa cha gauni. Kilikuwa chembamba, ukikitandika kwa upana wake hakimtoshi kifua. Mke wa seremala alikiweka juu ya meza, akakitazama, akakizungusha, urefu ukawa upana. Kikatosha. Akaweka chaki. Kisha akaiinua tena ile chaki, akageuza shingo, akalitazama tangi kwa muda mrefu hivi kwamba mteja akauliza kama kuna tatizo.

Tangi lilikuwa refu kwenda pembeni, refu kwenda juu, jembamba kwenda nyuma. Likilazwa chali, ule urefu wa kwenda juu unakuwa upana.

Mchana alimfuata mumewe karakana, akamweleza, kwa upole, kwa sauti ile anayotumia kwa wateja wanaodhani wamekonda. Seremala alizima mashine ili asikie vizuri, na aliposikia vizuri akacheka mpaka vumbi la mbao likamruka kwenye nyusi.

"Tangi lilale! Na kabati langu je, nalo lilale? Utaniambia na mimi nilale!"

"Kabati libaki lilipo. Tangi litoke."

"Pengo lile libaki wazi kama kinywa cha kibogoyo, Mama Hoteli akija aone nini? Hapana. Nimesema Jumamosi ipite."

"Nimekuomba, baba watoto."

"Na mimi nimekujibu." Akawasha mashine.

Alirudi nyumbani kwa miguu, na kila alipopita dirisha la duka aliona kioo. Alikuwa mtu wa kusubiri. Alisubiri wateja, alisubiri maji yatulie kwenye pipa, alisubiri watoto wakue, alisubiri mume amalize hoja. Siku ile, njiani, alihisi uvumilivu ule unamkatika, sehemu moja, kama uzi ulioliwa na sindano butu.

Ijumaa seremala alikwenda kununua mbao mbali na mji. Vumbi la gari lake halijatua, mkewe alikuwa amempigia fundi vioo.

Fundi vioo alisimama sebuleni akijikuna. "Shemeji, mimi sitaki kuingia kati ya mtu na mkewe."

"Huingii kati. Unaingia ndani ya tangi."

"Tangi ni la mzee."

"Samaki ni wangu. Na wewe ulipounganisha hivi vioo uliona upana wake au hukuona?"

Fundi vioo akatazama plasta zake. "Niliona."

"Ukasema?"

"Niliambiwa nikate kipimo hiki. Mimi nakata, sipimi."

"Basi leo nimepima mimi. Kata."

Kazi yenyewe haikuwa ya ajabu, fundi vioo alipoacha kuiogopa. Kile kioo kikubwa cha mbele kitolewe. Upande huo ndio utakaokuwa juu, wazi. Kisha kikatwe kipande chenye ukubwa wa mdomo wa zamani, ule uliokuwa juu, ukazibwe nacho. Maji yatakuwa ya kina kifupi, kwa hiyo hata vioo vitapumua, havitasukumwa sana kama mwanzo. Tatizo lilikuwa moja.

"Hakuna meza ndani ya nyumba hii itakayobeba uzito huu," fundi vioo akasema.

"Litakaa sakafuni."

"Sakafuni? Hapa? Na makochi?"

Wote wawili wakamtazama bibi. Bibi akakunja sufu yake, akaitia kwenye mfuko, akanyanyuka kwa kishindo cha magoti. "Nipeni kiti cha jikoni," alisema. "Kochi lenyewe linaniumiza mgongo toka siku aliponiletea. Lilipimwa kwa miguu yake, yangu inaning'inia."

Walimtia Mashavu kwenye pipa pana la uani pamoja na pampu yake, chini ya kivuli. Maji ya tangi yakamwagwa kwa mpira. Makochi yakatolewa barazani. Tangi likachomolewa kwenye kabati kama jino, likalazwa chali juu ya magodoro membamba ya sponji, na fundi vioo akapiga magoti na kalamu yake ya kukatia. Kriiii. Kile kioo kikubwa kikawa vipande viwili.

Hapo ndipo seremala alipoingia.

Alitazama pengo la kabati. Alitazama sakafu. Alimtazama mama yake aliyekaa kwenye kiti cha jikoni akifuma, kama mtu anayesubiri basi.

"Rudisha," alimwambia fundi vioo. Sauti ilikuwa ndogo.

"Mzee—"

"Rudisha kama lilivyokuwa!"

"Nimeshakata, mzee. Kioo hakishonwi."

Ndipo akamgeukia mkewe. "Kesho! Kesho mwanamke yule anakuja, wewe leo unanibomolea nyumba! Kwa sababu ya samaki! Samaki! Watu watasema nini? Seremala mzima, sebule yake kama gati! Nilikujengea tangi! Nani mwingine mtaa huu mumewe amemjengea mkewe tangi?"

"Hukunijengea mimi. Hukumjengea samaki. Ulilijengea kabati." Akaelekeza kidole sakafuni. "Ngoja. Usiondoke. Ngoja hapo."

Akaenda jikoni, akarudi na ile ndoo nyeupe. Akaiweka katikati ya sebule, imepinduliwa, kati yake na mumewe.

"Hii unaijua?"

"Ndoo."

"Ndoo ya nini?"

"Ya... ya kufulia."

"Ya kufulia!" Alicheka, kicheko kibaya. "Mama, ya kufulia! Hii ndiyo sukari yako ya asubuhi, bwana fundi. Hii ndiyo chumvi yako. Kila siku ya Mungu napanda hapa na mimba, napanda hapa na mtoto mgongoni, napanda hapa mguu umeteguka, kuchukua kikombe ulichokiweka mbinguni kwa sababu wewe unafika. Nilikwambia mara moja. Ukasema mbona mimi nafika. Nikanyamaza, nikazoea. Sawa, mimi nina miguu, nitapanda. Yeye atapanda nini? Atapanda nini ndani ya kioo? Umemtia mahali hawezi hata kukugeuzia mgongo, halafu unamgongea rula avimbe mcheke!"

Fundi vioo alikuwa amegeukia ukuta, anausoma kana kwamba umeandikwa.

Seremala aliitazama ndoo. Juu ya kitako chake kulikuwa na alama mbili zilizofutika rangi, kila moja na ukubwa wa kisigino. Kisha akatoka, na mlango wa mbele akaubamiza mpaka vikombe vya kabati vikalia.

Jumamosi Mama Hoteli alifika, mwanamke mnene mwenye haraka, funguo za gari mkononi. Gundi ilikuwa haijakauka. Tangi lilikuwa tupu sakafuni, kavu, limezuia njia. Seremala alikuwa amevaa shati lake jeupe na uso wa msibani.

"Samahani, mama, tuko kwenye marekebisho kidogo," alianza. "Hapa katikati panakaa tangi la samaki, taa zinawaka, kwa bahati mbaya leo—"

"Samaki wa nini?"

"Wa mapokezi, mama. Wageni wakae wakimwangalia."

"Nani amekwambia nataka samaki? Nilisema kabati. La funguo za vyumba, na vitabu vya wageni." Alilizunguka tangi kwa shida, akafika kwenye kabati, akafungua mlango mmoja, akaufunga, akaufungua tena akiusikiliza. "Viungo hivi ni vyako mwenyewe? Hamna msumari?"

"Hamna, mama."

"Hii ndiyo kazi ninayoitaka. Pengo hili lizibe, weka visanduku. Njoo Jumatatu." Na mlangoni akasema, "Samaki! Anioshee nani tangi la samaki, mimi na wageni wangu?" Akaondoka.

Mke wa seremala alikuwa ameegemea fremu ya mlango wa jikoni. Alisubiri kusikia furaha kidogo. Mume amepata kazi, kazi ni chakula cha wote. Badala yake ile hasira aliyodhani ameimaliza Ijumaa ilirudi ikiwa mpya.

"Kwa hiyo hakuhitajika," alisema. "Hata mara moja. Kugongewa kote kule, kukaa na njaa kote kule, hakuna aliyemwomba."

Seremala alikaa juu ya ile ndoo, maana hakukuwa na kiti kingine.

Gundi ilipokauka walijaza maji. Seremala ndiye aliyebeba ndoo kutoka uani, bila kuombwa, akirudi na kwenda mpaka shati likamganda. Mkewe hakumshukuru. Alilizamisha beseni, safari hii kwa kupiga magoti, si kwa kupanda stuli. Mashavu akatoka. Akaenda mpaka ukingo wa mbali. Akasimama. Akaanza, kwa mazoea, kurudi kinyumenyume.

"Geuka," mama alinong'ona. "Geuka, baba."

Akarudi kinyumenyume mpaka katikati. Mkia ulipepea, haukugusa kitu. Akasita. Akaupeleka tena, kulia, zaidi, na mwili ukaufuata, mgongo wa michirizi ukapinda mbele ya macho yao, na bunju akageuka, mzima, kimya, maji yote yakiwa yake. Akageuka tena. Akaanza kuzunguka kama mtu aliyepoteza kitu akakumbuka kilipo.

Bibi alichovya vidole vyake majini na kuvikung'uta. "Haya, sasa amefanana na mwenye kwao."

Lakini kula hakula. Konokono walitupwa, wakazama, wakaanza kutambaa. Mama alikaa akitazama mpaka magoti yakafa ganzi, kisha akanyanyuka kwenda kupika, kwa sababu watoto hawaishi kwa kutazama samaki.

Alikuwa amesimama juu ya ndoo, mkono kabatini, aliposikia mtu nyuma yake. Seremala alikuwa mlangoni pa jikoni, penseli sikioni, futi ya chuma mkononi. Alionekana mrefu kupita kiasi pale, kama amejiinamisha asigonge fremu.

"Shuka," alisema.

"Natafuta chumvi."

"Shuka nikupime. Unyooshe mkono, nione mwisho wako ni wapi. Nitazishusha rafu."

Alishuka, ila hakunyoosha mkono. Aliifunua sufuria, akakoroga, akaifunika. Akapunguza moto. Akaosha kijiko ambacho hakikuwa kichafu. Seremala akabaki pale na futi yake iliyofunguka, hajui aikunje au aiache. Mkewe alimwacha asimame. Aliona kwamba miguu yake mirefu imeanza kuchoka, akamwacha vilevile.

Sebuleni kukawa kimya, pampu tu inanguruma. Halafu: kwach!

Kijiko kikasimama mkononi mwake. Akasubiri. Kwach! Na nyingine, haraka, yenye uchu: kwach!

Alifuta mikono kwenye gauni. Akasimama na mgongo kwenye ukuta, visigino sakafuni, akanyoosha mkono juu mpaka mwisho wake, na seremala akapiga alama ya penseli pale vidole vilipoishia. Uso hakuukunjua.

"Na makochi?" seremala akauliza kwa sauti ya chini. "Yarudi lini ndani?"

"Bado anakua," alisema mkewe, na kurudi kwenye sufuria yake.